Kifua Kikuu na Ile Njema Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mapafu haya yangu, ambayo mwaka jana hayakuweza kuimba ubeti mmoja!

Mimi ni Mama Kadzo, muuza viazi karai hapa Magogoni. Niliugua kifua kikuu. Dawa nilimeza kila siku, binti yangu Kadzo akinisimamia, lakini mwili ulizidi kwisha. Kadzo akawa ananipunguzia magauni kwa sindano huku analia. Nikajiuliza, Mungu wangu, dawa hizi zinakwenda wapi?

Ndugu zangu, mnajua tulivyolelewa Pwani. Ukiulizwa habari, hata nyumba ikiwa inaungua, kwanza unajibu njema. Nasi tuliookoka tunaongeza, namshukuru Bwana! Ndivyo nilivyomjibu daktari kila nilipokwenda kliniki. Kumbe moyoni ni giza tupu. Silali, chakula sikitaki, naomba nife kabla Kadzo hajachoka nami.

Siku moja daktari, binti wa Likoni mwenye buibui, akaniamkia shikamoo, akauliza habari, nikajibu kama kawaida. Akavuta kiti. "Mama, njema nimeisikia. Sasa nipe hiyo lakini yako inayoifuata."

Nililia, ndugu zangu, mpaka leso ikalowa!

Akaniambia nina sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Nikashangaa. Huzuni nayo ina njia ya kufika mapafuni? Akasema mwili una askari wanaopigana na maradhi, na huzuni ya muda mrefu huwalegeza, tena humnyima mgonjwa usingizi na chakula. "Wallahi mama, hatujajua yote," akasema, "lakini moyo na mwili vinasikizana." Hata leo nalifikiria hilo nikikoroga unga wa kuchovya viazi kabla ya kuvikaanga. Bwana alituumba vipi, hata chozi likajuana na damu?

Nilitibiwa yote mawili. Vidonge vya kifua sikuacha, na kila wiki nikaketi na mshauri nikasema yaliyonikaa moyoni. Na Mungu akatenda! Usingizi ukarudi, nikaanza kuomba sima mwenyewe, na vipimo vikaonyesha kifua ni safi. Kipi kilitangulia kupona, moyo au kifua? Sijui, nami bado nauliza.

Namshukuru Bwana, na leo nasema kweli. Kadzo amefumua magauni yote, na bado yananibana! Wewe unayeugua, mtumaini Mungu, naye daktari mwambie yote.

Haya, mgeukie jirani yako umuulize habari. Akikujibu njema, usiondoke.