Bolti Iliyolia Nyuma ya Ukuta

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuwaona. Marlene, vua koti. Najua zamu yako inaanza jioni na wale wazee wa watu wanakusubiri uwalishe, lakini leo watalishwa na mwingine, maana gari lako haliondoki kwangu mpaka nimalize kusema, na nikimaliza utajua kwa nini. Dale, usisimame mlangoni kama mgeni. Njoo hapa karibu na kitanda, niione mikono yako.

Nesi aliniambia asubuhi niseme ninayotaka kusema nikiwa bado na pumzi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilitaka kuwakumbusha mama yenu Aili na mkate wake wa iliki, na jinsi alivyotufukuza jikoni tukiwa na grisi mikononi; nilitaka kufa nikitabasamu kama wale wazee wa kwenye kadi za pole. Hamu yote imenitoka. Nina kinyaa, wanangu, kinyaa cha kukaa kooni, na sitaki kukimeza niende nacho kaburini.

Mali kwanza, ili mtu asininunie. Nyumba hii na sauna yake, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, ni ya Marlene. Kibanda cha kuwindia kulungu na msitu unaokizunguka ni vyenu wote wawili, na msiwauzie watu wa Chicago hata mti mmoja, watakuja kutuwekea uzio na kutuuliza tunatafuta nini. Pikapu langu, gereji, na kila spana iliyomo, nilikuwa nimemwachia Dale. Nasema nilikuwa.

Kitanda hiki mlikiegemeza kwenye ukuta huu, na upande wa pili wa ukuta ni gereji. Mnadhani mgonjwa akifumba macho na masikio yamefumba. Leo baada ya chakula Dale aliingiza gari la dada yake abadilishe breki za mbele, na mimi nikafurahi, nikasema moyoni, huyu kijana amekua, anamjali dada yake. Nikangoja kusikia brashi ya waya ikikwangua kutu. Sikusikia brashi. Nikangoja kile kimya cha mtu aliyepaka mafuta ya kulegeza kutu akaenda kunywa kahawa yake polepole. Sikusikia kimya. Nilisikia droo ya juu ikilia, ile ya spana za inchi, na gari la Marlene halina bolti hata moja ya inchi, lote ni milimita, na Dale anajua, nimemwambia tangu ana meno ya utoto: spana ya boksi ya nusu inchi inaingia kwenye bolti ya milimita kumi na mbili, inacheza kidogo tu, inakudanganya kwamba imekaa, halafu inakula kona za kichwa mpaka kinabaki duara kama kidonge. Kisha nikasikia ile mashine ya umeme ya kufungulia bolti, tatatatata, hasira tupu, mtu anapigana na gari badala ya kulitengeneza.

Hayo ya kufungua ningeyasamehe. Lakini wakati wa kurudisha alirudi na mashine ile ile. Bolti ikakaza, ikakaza, ikakaza tena, halafu mlio ukabadilika. Marlene, wewe hukuusikia, ulikuwa unakunja shuka zangu. Ni mlio wa bolti iliyoliwa meno inayozunguka bure ndani ya tundu lake. Mashine ikazimwa. Nikasikia kifuniko cha chupa ya gundi kikifunguliwa. Kisha huyu kaka yako akaanza kupiga mluzi.

Akaja hapa akipangusa mikono, nikamuuliza, "Bolti zote zimekaa?" Akanijibu, "Zimekaa, Baba. Breki kama mpya." Akiangalia dirisha! Macho makavu, mbele ya baba yake anayekufa.

Usinikatize, Dale. Utapata nafasi yako.

Laiti ingekuwa bolti ya kushikilia namba za gari, ningecheka. Bolti ile ndiyo inayoshika chuma kinachobana breki. Ikitoka njiani, chuma kinaning'inia, kinagonga ringi, na mguu wa mtu unashuka na pedeli mpaka sakafuni bila kukuta kitu. Na dada yako anashuka na gari hilo kila siku ule mteremko wa kwenda ziwani, barafu chini, malori ya magogo mbele na nyuma. Wewe ulilijua hilo ukiwa umeshika bolti mkononi. Ukapaka gundi, naijua hiyo gundi, niliinunua mwenyewe, ukaisukumiza ndani, ukapiga mluzi. Kukosea kila mtu anakosea. Mluzi ndio unaonitapisha.

Unajua unanikumbusha nani? Mjomba wako Rudy Niskala. Rudy aliazima pikapu langu, akabadilisha plagi bila kuniuliza eti anishukuru, akaanza na spana badala ya vidole, plagi ikaingia upande, akaona ngumu akaongeza nguvu, akala meno ya injini yenyewe. Akanirudishia pikapu na tabasamu na samaki wa moshi aliyefungwa kwenye gazeti. Nilipomwendea akasema, "Ah, Reino, ilikuwa hivyo hivyo nilipolichukua." Nilimpenda dada yake, mama yenu, kwa miaka yote ile na sikuweza kumpenda yeye. Nilibeba jeneza lake na bado nilikuwa na kinyongo. Nisingependa Marlene akubebe wewe hivyo, na nisingependa wewe umbebe yeye, maana hapo mtakuwa mmeshachelewa wote.

Nipe maji. Kidogo tu. Asante, binti yangu.

Sasa shikeni haya, kwa sababu huku kwetu kaskazini mwa Michigan kila gari linaoza, na mimi nawaambia kama mtu aliyeendesha lori la kaunti la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani tangu ujana mpaka kustaafu: ninayajua mafua ya chuma, kutu hii, kwa sababu niliyasambaza mwenyewe. Ijumaa jioni unakwangua bolti kwa brashi mpaka uone chuma, unaipaka mafuta, unaiacha. Jumamosi unawasha sauna. Mama yenu alikuwa akisema wanaume wa kijiji hiki hulegea siku moja na bolti zao, na alikuwa na haki ya kucheka. Ukitoka sauna umepoa roho, unachukua boksi ya milimita yenye pembe sita, siyo ile ya pembe kumi na mbili inayoteleza, unaipiga kidogo na nyundo ikae, na mpini mrefu, kwa mkono. Ikisogea robo, irudishe. Isogeze tena, irudishe, ongeza mafuta. Na ikigoma, moto, ukipashe kile kilichoishika, siyo bolti yenyewe. Wakati wa kufunga, safisha tundu, anza na vidole, vidole vitupu, mizunguko kadhaa, na vidole vikikwama toa uanze upya, usiite spana ikusaidie kulazimisha. Mwisho unakaza kwa ile spana ya kupimia nguvu, ikisema tik, unaacha. Siyo tik mbili. Kuna wapumbavu wanaongeza kwa ajili ya bahati.

Nimeyasema haya mara ngapi ndani ya gereji ile? Na mtu akanunua mashine kwa sababu jirani anayo!

Basi, Dale. Nenda gerejini. Toa gurudumu la kushoto, maana mlio ulitoka upande huo. Kwa mkono. Leta bolti hiyo hapa, uiweke kwenye kiganja cha dada yako. Ikiwa nzima, mimi ni mzee niliyechanganyikiwa na dawa, nitakuomba radhi mbele yake, na gereji ni yako. Nenda. Nimesema nenda.

Marlene, usilie. Nishike mkono. Nyamaza kidogo tusikilize... Jeki hiyo. Anapandisha. Sasa gurudumu... Huo ni mpini wa boksi, unasikia? Kidogo mbele, kidogo nyuma. Anajua, huyu mjinga. Amejua siku zote... Ona imetoka upesi hivyo. Bolti nzima haitoki upesi hivyo, binti yangu.

Haya, ameingia. Mpe kiganja chako. Dale, sema, mimi nimeishiwa nguvu za kusema.

"Marlene... usiliendeshe gari lako. Bolti iliniharibikia mikononi. Imetoka na meno yote ya tundu. Nilijua. Niliona aibu, na Baba alikuwa hapa ukutani, nikasema nitairekebisha wiki ijayo."

Wiki ijayo! Marlene, mpige kofi ukitaka, mimi siwezi kuinua mkono.

Hapigi. Amemkumbatia. Wanawake hawa... Sawa. Sawa. Iacheni bolti hiyo hapa juu ya blanketi, niione.

Sikilizeni, sauti inakwisha. Kinyaa hakijaniisha, msidhani. Marlene, chukua ufunguo wa pikapu, uende kazini nalo, ni lako kuanzia leo. Dale, gereji ni yako... lakini mashine ile umpe jirani mwingine, yule usiyempenda. Tundu la gari la dada yako ulitoboe upya, uliwekee meno mapya ya chuma, taratibu, na asiliendeshe mpaka aone mwenyewe likikazwa. Umwite atazame. Kila mara, mwite mwenye gari atazame.

Mungu awalinde barabarani, wanangu. Awape subira... ya mtu aliyepaka mafuta akaketi. Awape mdomo wa kusema nimeharibu kabla gari halijawashwa. Mkapendane. Mkale pamoja Jumamosi baada ya sauna, hata kama hamjasameheana vizuri.

Kitu kimoja tena. Sogea, Dale... karibu zaidi. Sanduku langu la kuzikiwa lipo chini ya turubai, nyuma ya mbao. Nililichonga mwenyewe, msonobari laini. Skrubu za shaba zipo kwenye kopo. Wale wa mazishi watakuja na mashine yao. Usiwaruhusu. Ufunge wewe. Anza na vidole... vidole, Dale... halafu bisibisi ya mama yako, ile ya mpini mwekundu. Utahisi ubao ukikwambia basi. Utalia, utataka kuongeza.

Usiongeze, mwanangu. Ikishakaa... acha.