Mkono wa Bibi, Hofu ya Mwalimu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Chuo, Bwana Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi, na wewe Bwana Stoo unayezungumza kwenye simu ninaposalimia: habari za mchana.

Nimeombwa niage kwa maneno matamu. Matamu sina. Kwa miaka thelathini na minne nimefundisha useremala katika karakana hii, na wiki hii, wakati ninyi mkihangaikia keki, nimechoshwa na neno moja: damu.

Mnamjua kijana aliyetupa nyundo ya mbao mwezi uliopita. Haikumpata mtu, iligonga kabati. Nilipompendekeza arithi meza yangu, awe mwalimu msaidizi, Kamati iliahirisha uamuzi hadi Jumatatu. Kwa nini? Bwana Stoo alinijibu mlangoni: "Mwalimu, yule ni baba yake mtupu! Si mzee wake naye alitupa randa hapahapa? Damu hiyo!"

Hivi, ndugu zangu, damu ndiyo iliyotupa nyundo? Nani kati yenu aliuliza?

Baba yake alikuwa mwanafunzi wangu. Alitumia mkono wa kushoto, kama mama yake mzazi. Huo ndio urithi, na hauna kosa. Lakini jiliwa la kila meza, kile kibano cha kushikia ubao, lilifungwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia, nami sikutaka taabu ya kufungua skrubu nne. Kila aliposhika randa kwa kushoto, nilimpiga rula vidoleni. Mwaka mzima. Siku aliyoitupa randa nilimfukuza, nikaandika katika faili lake: "Ana hasira za kuzaliwa." Faili lipo. Mwandiko ni wangu.

Miaka ishirini na mitatu baadaye akaja mwanawe, wa kushoto vilevile. Akiwa peke yake, ubao unatoka mikononi mwake laini kama kioo. Nikikaribia tu, anahamishia randa mkono wa kulia, na mabega yanampanda hadi masikioni. Nikamuuliza, "Kijana, nimewahi kukugusa?"

"Hapana, Mwalimu. Baba ndiye aliyenizoesha mkono wa kulia nyumbani, tangu nikiwa mdogo. Alisema ukiniona natumia kushoto utanipiga, basi bora anipige yeye kwanza."

Siku ya nyundo nilikuwa nyuma yake, rula mkononi. Nilikuwa napima ubao tu.

Basi mkono aliupata kwa bibi yake. Hofu aliipata kwangu, kupitia kwa baba yake. Ninyi mnaviita vyote damu, kwa sababu damu haina skrubu za kufungua!

Mzee, baba wa kijana, uliyesimama karibu na mlango, uliyeniamkia leo mkono wa kushoto ukiwa mfukoni: nilikukosea. Nisamehe. Sidai jibu mbele ya watu hawa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, asubuhi nimelifungua jiliwa la meza yangu na kulihamishia upande wa pili. Kazi ya dakika kumi na mbili, niliyoikwepa maisha yangu yote. Jumatatu mtamweka nani hapo? Mtu wa mkono wa kulia atahangaika. Na bisibisi naenda nayo nyumbani.

Mzee, nauona mkono wako wa kushoto uliouinua. Ushushe sasa, utachoka.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza, pamoja na Bwana Stoo aliyesikia nusu. Keki kateni.