Mawe Mekundu ya Korongoni

Ndani ya basi la mjini, mbele yangu waliketi watu wasiojuana: dada mpimaji wa mto na mzee mvuvi, na mvuvi alikuwa amewaka. "Bwawa likifunguliwa, maji yanakomba mchanga wote korongoni. Samaki watagie wapi? Ninyi mnapima nini hasa?"

"Mawe, mzee wangu. Tunayapaka rangi nyekundu na kuyapanga ukingoni. Maji yakishapita, tunarudi kuona yamesukumwa hadi wapi. Hayajawahi kusogea, ndiyo maana wakubwa wameruhusu maji yaongezwe."

Mvuvi akakuna kidevu. "Kumbe yale mawe ni yenu? Mbona maji huyatawanya hadi kule chini! Mimi na wanangu ndio huyaokota na kuyarudisha kwenye mstari wake. Nilimwonea huruma aliyeyapanga."

Nilitaka kucheka, ila samaki wa mto ule hata mimi nawala.

"Si mngeweka hata kibao!" mzee akafoka.

"Na mawe ya juzi, bwawa lilipofunguliwa, je?" dada akauliza taratibu.

Basi likasimama. Mzee akachukua kapu lake tupu. "Hayo ndiyo nimeyapanga vizuri kuliko yote," akasema, akashuka.