Mbao za Roshani

Katika basi la kwenda mtaa wa Glebe, huku ugenini, mwanamke mwenye sare ya watunza wazee alimsikia fundi akiongea Kiswahili kwenye simu, akamsalimia. Yeye Peninah, Mkenya. Fundi akasema ni Gregori, wa Bukoba. Mimi nilikaa nyuma yao. Sikusalimiwa.

Gregori alisema leo anabomoa mbao zilizoziba roshani ya nyumba moja kati ya zile za safu, za enzi ya Malkia Viktoria, zilizoungana kuta. "Nyuma yake kuna nakshi za chuma, dada. Nyumba itarudi ilivyojengwa. Mtoto wa bibi mwenye nyumba ndiye anayetaka."

"Si ni ile ya mlango wa kijani? Ya bibi Mgiriki?"

"Ndiyo hiyo."

Peninah alimgeukia. "Huyo bibi ndiye ninayemtunza. Hizo mbao alizipigilia marehemu mumewe, watoto wapate pa kulala. Huyo aliyekutuma alilala hapo utoto wake wote. Na kila asubuhi bibi huniomba nimpandishe akakae hapo."

"Pole, dada. Lakini nakshi ndizo za kale zaidi."

"Kwani historia ni ya aliyetangulia peke yake?"

Gregori aliitazama nyundo yake, ambayo haikuwa na maoni.

Basi lilipunguza mwendo, wote wawili wakasimama mlangoni. "Basi usianze kugonga kabla bibi hajamaliza chai," Peninah alisema.

"Hunywa polepole?"

"Leo atakunywa polepole sana."

Mlango ukafunguka.