Faustina, Mkwe Aliyekataa Kukaa Nje

Mpendwa wetu Faustina Bartholomeo Kikoti alizaliwa tarehe 14 Mei 1988 huko Ilula, mkoani Iringa, mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomeo Kikoti na Mama Rozalia, wakulima wa nyanya jana na leo. Kaka yake Anord, anayesoma wasifu huu, aliagizwa na wazee auandike kwa upole. Amejitahidi. Pale aliposhindwa asamehewe, maana tangu juzi kuna maneno yanapita chini ya maturubai haya, na mwenye kusemwa hawezi tena kuyajibu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ilula kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, kisha sekondari Iringa mjini hadi alipomaliza kidato cha sita mwaka 2009. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini kwa kuiga watu wanavyotembea hakuwa na mpinzani. Mtu akipita barabarani, Faustina alimfuata nyuma na kutembea vilevile, bega limeinama, mguu unaburuzwa. Jumapili moja alimwiga padri akitoka sakristia, na padri akageuka. Mama Rozalia alimchapa palepale mbele ya kanisa. Jioni, huku bado anafuta machozi, mtoto akamwambia mama yake, "Mimi sikumcheka. Goti la kulia linamuuma yule, kwa nini hamumwambii?"

Mwaka 2009 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam, akasomea sayansi ya mwendo wa mwili: namna misuli inavyovuta mifupa, kinachomfanya mtu asimame asianguke, na akianguka ameangushwa na nini. Alihitimu mwaka 2012. Mzee Bartholomeo ameruhusu lisomwe mbele yake neno alilolisema siku ile cheti kilipofika nyumbani: "Shahada ya kutembea? Kutembea si tunajua wote!" Majirani nao hawakuwa nyuma. Wakasema Kikoti amesomesha binti kuruka kamba.

Hapo ugomvi ukaanza. Baba alitaka arudi chuo akaanze udaktari. Mjomba alikuwa na nafasi ya ualimu wa michezo. Rafiki zake walimwita Dar wakafungue ukumbi wa mazoezi wa watu wenye vitambi na pesa. Faustina aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akasema anataka kutibu viungo vya wagonjwa, na kwa kuwa shahada yake peke yake haikumruhusu kumgusa mgonjwa hospitalini, atakwenda kuanza upya, stashahada, miaka mitatu, pamoja na watoto waliotoka kidato cha nne. "Umeshuka ngazi," baba yake alimwambia. Akajibu, "Baba, ngazi niliyopanda ilikuwa imeegemezwa ukuta wa jirani." Mzee hakuongea naye mwaka mzima. Naye hakubadili nia, na kila likizo alirudi, akafua nguo za baba yake, akamsalimia, hakujibiwa, akaondoka.

Alimaliza mwaka 2016, na mwaka uliofuata akaajiriwa hospitalini Mbeya mjini. Alipanga nyumba Mwanjelwa, na Jumamosi alikuwa akienda Chimala na Ubaruku kuwafuata waliopooza ambao hakuna aliyewaleta hospitali. Huko ndiko alikogundua adui yake, na adui huyo hakuwa ugonjwa. Alikuwa ni heshima. Mzee akipigwa na kiharusi, nyumba nzima inamzunguka: huyu anamlisha, huyu anamgeuza, huyu anamshikia kikombe. Wanafanya kwa upendo, na mzee anakauka pale kitandani kama mti uliong'olewa. Faustina aliwatoa watu nje, akamwekea mgonjwa kijiko mkononi na kumwambia, "Kula. Ukimwaga tutafagia." Walimwita katili. Wengine walimfukuza. Wiki iliyofuata alirudi.

Tarehe 8 Septemba 2018 alifunga ndoa na Bwana Andendekisye Mwakalobo, akawa mke na mkwe hapa Rungwe. Kwa mila za hapa, kama mnavyojua, mkwe hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Hamshiki mkono, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mkwe anapisha. Faustina aliishika mila hiyo bila kunung'unika. Alipoulizwa na kaka yake kama haimchoshi, alisema ni adabu ya watu na haimpunguzii kitu.

Aprili 2021 baba mkwe wake, Mzee Amos Mwakalobo, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Watoto wake walimhudumia kwa heshima zote. Mkwe, mtaalamu pekee wa viungo katika ukoo mzima, alikaa nje jikoni. Alijaribu kufundisha kupitia dirisha la chumba cha mzee: "Andendekisye, mwambie baba akunje goti! Taratibu! Unamshikaje?" Andendekisye, ambaye ni fundi umeme na mtu mwema sana, alimvuta baba yake mguu kana kwamba anang'oa muhogo. Mzee alilia kwa uchungu. Wakaendelea hivyo karibu miezi miwili, na mzee anazidi kwisha.

Siku moja Mama Ikupa, mke wa mzee, alimfuata jikoni na kumshika mkwe wake mabega. "Mwanangu, ingia. Aibu nitaibeba mimi." Faustina alisimama mlangoni kwa mzee, uso chini, akamwita baba kwa lugha ya hapa: "Tata, naingia. Kama hutaki, geuzia uso ukutani." Mzee hakugeuka. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki, na mkwe akaupokea.

Wazee wa ukoo waliitana wiki ile ile. Andendekisye aliambiwa achague mke au ukoo. Faustina aliomba kusema, akaruhusiwa, akasema akiwa amepiga magoti: "Heshima yenu imemlaza. Ya kwangu nipeni miezi sita. Asiposimama, nitarudi Iringa kwa hiari yangu." Watu walikwenda kusikiliza pale nje mzee akigombana na mkwe wake, maana alimsimamisha, akaanguka, akamsimamisha tena. Mzee alimtukana, na Faustina akamwambia matusi ni dalili nzuri, ulimi umeanza kurudi. Krismasi ya mwaka ule Mzee Amos alikwenda kanisani kwa miguu yake, na fimbo. Hakuna aliyetaja tena habari za mtu kurudi Iringa.

Novemba 2024 Faustina aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Mbeya na Dar es Salaam. Alifanya kazi hadi Julai mwaka huu, na hata alipolala aliwakemea waliokuja kumwona kwa kukaa vibaya. Mama Rozalia alikuja kutoka Ilula kumuuguza, akataka kumlisha. "Mama, mkono ninao." Wiki ya mwisho alimwambia, "Mama, leo nilishe." Aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, mama na mume wake wakiwa kando.

Sasa yale maneno. Inasemwa kwamba mkono wake wa kulia ulivimba kwa kuwa ndio uliomshika baba mkwe. Uongo! Mkono ulivimba kwa sababu saratani ya titi huziba njia ambazo maji ya mwili hupitia. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanawake wengi mazoezi ya kupunguza uvimbe huo, na baadhi yao wamekaa hapa na mikono yao mizima. Kama kumshika mgonjwa ni kosa la kuua, basi wauguzi wote wa mkoa huu tungewazika jana.

Jana jioni wazee walimkumbusha Mzee Amos kwamba baba mkwe hasogelei jeneza la mkwe wake. Aliwasikiliza hadi mwisho. Ulimi wake bado mzito, lakini wote walielewa: "Alinifuata nikiwa siwezi kusimama. Leo namfuata mimi. Anayeona ni mwiko abaki nyumbani."

Faustina ameacha mume, Andendekisye. Watoto wawili, Esnath na Yakobo. Wazazi wake, Mzee Bartholomeo na Mama Rozalia. Kaka zake Anord na Clement. Mama mkwe, Mama Ikupa. Wagonjwa wake ambao wametoka hadi Ubaruku kuja hapa, wengi kwa miguu iliyokuwa imekufa. Na baba mkwe wake, Mzee Amos Mwakalobo, ambaye wasifu huu ukimalizika atainuka na kutangulia mbele ya jeneza. Asishikwe mkono.

Apumzike kwa amani, dada yetu. Na midomo nayo ipumzike.