Crispus Baya na Santuri Tulizomchomea

Ndugu waombolezaji, majirani wa Tudor, wafanyakazi wa bandarini, wazee wetu mliotoka Kaloleni alfajiri ya leo, mimi ni Kenneth Charo, mdogo wa marehemu kwa baba mmoja na mama mmoja, na familia imenisimamisha hapa niwasomee maisha ya kaka yangu kabla hatujampeleka makaburini Mbaraki. Karatasi hii nilipewa jana na kamati ya mazishi, imepigwa taipu vizuri, tarehe zote zimo, ila imo aya moja kuhusu santuri zake ambayo ni ya uongo, walioiandika wanajua kuwa ni ya uongo, nami nikiisoma kama ilivyo nitatapika hapa hapa mbele ya jeneza. Basi nitasoma yaliyo kweli, na nikifika kwenye aya hiyo nitaiweka karatasi chini na kusema ninayoyajua, maana nilikuwapo, na asiyetaka kusikia asogee kule kwa wapishi.

Marehemu Crispus Baya Charo alizaliwa Kaloleni tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu mzee Charo na marehemu mama Kadzo, akabatizwa mwaka huo huo siku ya Pasaka, akaanza shule ya misheni mwezi wa Januari 1952, na mwaka 1960 akachaguliwa kuendelea na sekondari hapa kisiwani, ambako alimaliza Desemba 1963 akiwa na sifa moja iliyomfuata maisha yake yote, nayo ni mwandiko. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka hata kwenye karatasi isiyo na mistari, na mama alikuwa akituonyesha barua zake sisi wadogo zake ili tuone haya, nasi haya hatukuona.

Tarehe 3 Februari 1965 aliajiriwa bandarini Kilindini kama karani wa kuhesabu mizigo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na miwili, asubuhi gatini, jioni gatini, daftari mkononi, na wenzake waliokaa safu ile ya kushoto ni mashahidi kwamba aliwahi kuwasimamisha watu kutwa nzima kwa sababu ya kreti moja iliyoandikwa kuwa imeshuka na haikushuka. Wakamwita mbishi, wakamwita mchawi wa hesabu, naye akasema orodha yenye uongo mmoja ni uongo mtupu. Hebu yashikeni maneno hayo, halafu muitazame karatasi hii niliyopewa na kamati.

Tarehe 18 Desemba 1976 marehemu alifunga ndoa na shemeji yangu Winnie Wanza, mwalimu wa watoto wadogo, mzaliwa wa Machakos, nao wakajaliwa watoto wawili, Sammy aliyezaliwa 1978 ambaye yuko kazini Nairobi, na Purity aliyezaliwa 1981 ambaye yuko kidato cha tatu shule ya bweni, na ambaye nimemwona pale mbele amejiinamia. Purity mwanangu, inua kichwa, haya ninayosema leo nilipaswa kukwambia wewe kwanza, nami sikuthubutu.

Sasa tumefika kwenye santuri. Kamati imeandika, nanukuu na ulimi unaniwasha, kwamba "marehemu, baada ya kuguswa na Neno, aliziacha anasa za dunia na kuziteketeza santuri zake kwa mkono wake mwenyewe." Lo! Kwa mkono wake mwenyewe! Mkono huo siku hiyo ulikuwa umefungwa bandeji kitandani hospitalini, una sindano ya maji, hauwezi hata kushika kikombe. Mwenyekiti, usinivute koti, umenipa karatasi nisome na mimi ninasoma.

Kweli ni hii. Mwezi wa Agosti 1990, Abdulhalim, fundi wa redio wa Mji wa Kale, yule pale nyuma mwenye kofia, alimpa kaka santuri ya jazi iliyokuwa imepotea madukani miaka ishirini kisha ikatolewa upya Ulaya, na tangu siku hiyo kaka akashikika, akawa anakusanya santuri za soul, fanki na jazi, zote zile zilizotolewa upya, nyingine akiagiza kwa posta kupitia kwa Abdulhalim, nyingine akiletewa na mabaharia waliompenda kwa unyofu wake, mpaka zikafika mia nne na kumi na mbili. Wako waliomcheka, ati anakusanya marudio badala ya zile za kwanza zenyewe, naye akawajibu kwamba zile za kwanza hazikumjali mpigaji, jina lake hata hazikuliandika, na hizi za marudio ndizo zilizokwenda kumtafuta, zikauliza alizaliwa wapi, alikufa lini, nani alipiga ngoma na nani alipuliza tarumbeta, na yote hayo zikayaandika nyuma ya jalada.

Kila Jumapili baada ya ibada, akiisha kula na kuvaa kikoi, alikaa sebuleni, akaifuta santuri moja, pengine mbili, kwa kitambaa laini, akasikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, akaigeuza, kisha akaandika kadi. Kwenye kadi aliweka majina ya wapigaji wote, mji wa kuzaliwa na mwaka, na yule aliyefariki alimwekea msalaba mdogo wa wino mwekundu na tarehe ya kifo chake. Akikuta nyuma ya jalada kuna kosa, mwaka umepotoka au mpiga gitaa kapewa sifa ya mwenzake, alikaa akaandika barua kwenda huko huko ng'ambo kwa waliozitoa, na mara mbili walimjibu wakamshukuru, karani wa Kilindini. Mimi nimekaa naye Jumapili hizo nisizoweza kuzihesabu, nimekunywa chai yake, nimemwona akiandika kadi hizo, kwa hiyo nilijua vizuri kabisa zilikuwa kadi za nini.

Tarehe 17 Novemba 1997, mvua ile ya El Niño ikiwa imelowesha kila kitu mpaka magodoro, kifua kilimbana na moyo ukamwenda mbio, tukamlaza hospitali. Alhamisi tarehe 27 mwezi huo huo, Mwinjilisti Griffins, ambaye leo ameketi viti vya mbele na leso ya kufutia machozi makavu, alikuja na kikundi cha maombi nyumbani kwa kaka, wakaomba, wakaimba, kisha akauliza kama humu ndani hamna kitu kinachomfunga mgonjwa, akafungua kabati, akakuta sanduku la kadi. Akatoa kadi ya kwanza akasoma jina la mtu asiyemjua, msalaba mwekundu, tarehe ya kufa. Akatoa ya pili, ya tatu, ya kumi, sauti inapanda. Akatugeukia akasema, Crispus anawaandikisha wafu, amewakusanya ndani ya nyumba, kila Jumapili anawapigisha muziki, na sasa wao ndio wanaomwita.

Akina mama wakapiga ukemi, shemeji akakaa chini sakafuni, na mimi niliyejua, mimi niliyekunywa chai pale pale zikiandikwa, ningesema maneno matatu tu, hao ni wanamuziki, mambo yakaisha. Sikusema. Niliogopa kwamba kaka akifa nitaambiwa mimi ndiye niliyezuia uponyaji wake, nikaufyata. Ndugu zangu, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mwenye ndevu, kaufyata!

Jumamosi tarehe 29 Novemba, saa nne asubuhi, katika kiwanja cha nyuma ya nyumba, tulizichoma. Shemeji alitoa ufunguo, Mwinjilisti akaleta pipa na mafuta ya taa, na aliyebeba masanduku kutoka kabatini hadi kwenye pipa, safari kumi na moja, ni huyu mnayemwona amevaa tai. Hazikuwaka kama karatasi, ng'o, zilijikunja, zikalegea, zikatiririka kama makamasi meusi kwenye matundu ya pipa, na harufu yake sina cha kuifananisha nacho, ilishika nguo za majirani zilizoanikwa, ilishika nywele, mpaka leo nikiona lami ya moto mbele navuka barabara. Kadi tulizitupa mwisho, mwandiko ule ulionyooka, mia nne na kumi na mbili, na wale watu waliotafutwa miaka yote hiyo wakapotea tena kwa dakika tano. Tulipomaliza tukanawa mikono, tukaingia ndani, tukaketi mezani kwake, nikala chapati tatu na mchuzi. Mwinjilisti nimemchukia, sitaki kudanganya, lakini nikizikumbuka zile chapati najionea kinyaa mimi mwenyewe kuliko ninavyomwonea yeye.

Kaka alirudi nyumbani Ijumaa tarehe 12 Desemba 1997, amekonda, amefurahi, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Tulikuwa tumekubaliana la kusema, na neno "wezi" lilitoka kinywani mwangu mimi, wala halikutoka kwa Mwinjilisti wala kwa shemeji, tena siku moja kabla nilikuwa nimelivunja komeo la dirisha kwa bisibisi yake mwenyewe ili aamini. Alilitazama komeo, akalitazama kabati, akauliza jambo moja tu, mwizi gani anaiba kadi?

Daktari alikuwa amemkataza kutembea, amwambie nani? Kuanzia Januari hadi Mei mwaka huu, kila Jumamosi, alitoka kuzitafuta. Tulikwenda Majengo kwa wauza mitumba, tukapanda Biashara Street kuwauliza wenye maduka ya kanga kama hawakumwona mtu amepita na masanduku, tukashuka Mji wa Kale kwa Abdulhalim, na kila hatua ishirini kaka alisimama kutweta, ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi. Alikuwa ameandika upya orodha yote kwa kichwa, akazikumbuka mia tatu na themanini, na Abdulhalim akalifunga duka lake siku mbili nzima akiizungusha orodha hiyo kwa mafundi wote wa kisiwa hiki, bila kuombwa, bila kulipwa. Na aliyekuwa amemshika kaka mkono, anamtembeza juani kutafuta majivu aliyoyamwaga yeye mwenyewe mferejini, ni mimi. Kila Jumamosi nilijiambia leo nitamwambia, na kila Jumamosi nilimrudisha nyumbani nikamvua viatu, miguu imevimba, nikasema, tutajaribu tena wiki ijayo, kaka.

Kwa hiyo msiniambie ni moyo tu, na msiniambie Mungu amempenda zaidi. Moyo ulikuwa mgonjwa, sawa, lakini sisi ndio tuliouchosha.

Ijumaa tarehe 5 Juni 1998 alizidiwa, akarudishwa hospitali. Jumatatu mchana, tukiwa wawili, alinishika kidole hiki, akaniambia kwa sauti ndogo, Kenneth, ukimpata aliyezichukua usimpige, wala usimpeleke polisi, muulize tu kwa niaba yangu amesikiliza ngapi. Nikamwambia nitamuuliza. Hata hapo, ndugu zangu, hata hapo sikusema! Jumanne tarehe 9 Juni, saa tano na dakika kumi asubuhi, Crispus Baya Charo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, ameacha mjane na watoto wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia mara zote mbili, wao walifanya kazi yao, na inawashukuru majirani wa Tudor waliofua upya nguo zao bila kutuuliza tulichoma nini, na wafanyakazi wa bandarini mliochanga mkaleta gari na turubai, na Abdulhalim, ambaye kamati ilimsahau kwenye orodha ya shukrani, nami nimemwandika kwa kalamu yangu, kwa mwandiko huu mbaya. Kamati siishukuru. Mwinjilisti simshukuru, na mahubiri aliyoyaandaa ya toba ya marehemu ayakunje ayatie mfukoni, kwa maana marehemu hakutubia muziki, hakuwa na cha kutubia. Shemeji Wanza, wewe uliogopa kumpoteza mumeo, sikuhukumu, ila usikubali watoto wako wamkumbuke baba yao kwa uongo huu. Purity, hapakuwa na wezi, alikuwa ni baba yako mdogo, na ukinitemea mate nitasimama pale pale nilipo.

Kaka, nilikuahidi kumuuliza na nimemuuliza, na jibu nakupa mbele ya watu hawa wote kwa kuwa sikuwa na uso wa kukupa ukiwa hai. Hatukusikiliza hata moja, hata mimi niliyekunywa chai yako zikipigwa. Basi pumzika, Crispus Baya, pumzika kwa amani, sisi tuliokufanyia haya tutakaa nayo.