Florentin Okito na Kitabu cha Yule Mama wa Angani

Ndugu, jamaa, wakubwa wa kanisa, nanyi nyote mliowahi kusimamishwa njiani mkisimuliwa kitabu kile, mimi Dieumerci, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake.

Kaka yetu Florentin Okito alizaliwa Kibombo tarehe 12 Machi 1956, akasoma kwa mapadri hapo hapo, na mwaka 1975 akaanza kuchomelea vyuma kwenye atelie ya reli hapa Kindu, ambako fundi mmoja mgeni, akirudi kwao, alimwachia riwaya ya Kifaransa, habari za mama mmoja aliyebaki peke yake katika chombo kilichovunjika huko angani, anaziba matundu ili hewa isimwishie. Kurasa za mwisho mchwa walikuwa wamezila. Tangu hapo, ee Mungu wangu, hakuna aliyepona, aliwasihi wakubwa wa kazi wakisome, akawasihi mapadri, hata baba mkwe wake siku ya mahari, kabla ya kumwoa Émilienne tarehe 7 Agosti 1982, naye akamzalia Fifi na Espoir.

Oktoba 1998 vita vilipofika, tukakimbilia porini, kaka akabeba kitabu akaacha sufuria, na Émilienne alimnunia mpaka tuliporudi. Lakini kila jioni alitusimulia, watoto wakasahau njaa, na jirani yetu mama Yvette, aliyekuwa ametuomba tumwache njiani afe, akamwuliza kama yule mama wa angani alifika kwao. Florentin akaapa kwamba alifika, akaeleza mpaka na chakula alichopikiwa, na asubuhi Yvette akainuka, akatembea.

Januari 2024 moyo ulianza kumsumbua, Fifi akamletea kutoka Kinshasa kitabu kizima, akamsomea hospitalini mpaka mwisho, na mwisho wenyewe, ndugu zangu, yule mama anakufa. Kaka alinyamaza, tukaogopa, maana hatukuwahi kumwona amenyamaza, kisha akalia, akatuapisha Yvette asijue kwamba alidanganywa, halafu akakasirika, akasema mwandishi hakuwa nasi porini, akamwamuru Fifi azichane kurasa zile, na kilichobaki akamwazima docta. Alifariki tarehe 3 Mei 2024.

Tunawashukuru madaktari, hasa huyo aliyekisoma nusu kwa kulazimishwa, majirani mliopika, na wenzake wa reli mliovumilia. Kitabu, docta amekirudisha, kiko hapa mezani, kichukueni.

Jana Fifi ulimi ulimteleza mbele ya mama Yvette, akautaja mwisho wa kitabu, sote tukashika vichwa, lakini mama Yvette akacheka huku machozi yanamtoka, akasema kule porini alikifungua kitabu kaka akiwa amelala, akaona kazi ya mchwa, akajua mwisho ule kaka ameutunga, na aliinuka kwa sababu kuna mtu alihangaika vile kumfikisha mwenziwe nyumbani.

Haya, kaka, umefika. Pumzika sasa, na huko uliko wape na wengine nafasi ya kusema.